Waranti ya lami: mkandarasi kubaki na barabara yake miaka 5 inasaidia wapi na inakwama wapi

Juzi nilikuwa nabishana na jamaa yangu mmoja kuhusu barabara. Msimamo wake ni kwamba dawa ya mashimo ni moja tu, mkandarasi alazimishwe kutoa waranti ya miaka 5 kama wanavyofanya Marekani, lami ikiharibika arudi aifumue na kuiweka upya kwa pesa yake, habari ya viraka imekwisha. Nikamwambia uko sawa nusu, ile nusu nyingine ndo ngumu, ila tulikuwa kwenye daladala na mimi nashuka kituo kinachofuata, kwa hiyo naimalizia hapa kwa urefu.

Kwanza tuelewane mkataba wa kawaida unavyokwenda. Mwenye barabara, mara nyingi ni serikali, anaandika kila kitu: kokoto za ukubwa gani, lami ya aina gani na kiasi gani, itandazwe ikiwa na joto gani, tabaka liwe nene kiasi gani, rola ipite vipi. Mkandarasi anafuata, mhandisi mshauri anapima, anasaini, malipo yanatoka. Baada ya makabidhiano kuna kipindi cha uangalizi, kwa miradi mingi ya huku kwetu ni miezi 12, na sehemu ya malipo inashikiliwa mpaka kipindi kiishe, kasoro ikijitokeza humo ndani mkandarasi anarudi kurekebisha. Sasa mtu ukimpimia unga, ukampimia maji na mafuta, ukamwambia moto uwe hivi na chapati aigeuze baada ya muda fulani, afu chapati ikatoka ngumu kama kiatu, atakwambia mama mi nimefuata ulivyosema, na hapo utamshika kwa lipi? Ndo maana mabishano ya barabara mbovu huwa hayaishi, mkandarasi anasema nilifuata mchoro, mshauri anasema alinionyesha vipimo vikawa sawa, na mwenye barabara anabaki na mashimo.

Na miezi 12 ni michache kwa sababu lami haifi siku moja. Chukua kitu kimoja tu, kushindilia. Lami ikishatandazwa ikiwa bado ya moto, rola inaibana mpaka nafasi za hewa ndani yake zibaki kidogo, kwa lami ya kawaida wanalenga kama asilimia 7 hivi. Wahandisi wana makadirio yao yaliyotokana na utafiti wa miaka ya 1980, kwamba kila asilimia 1 ya hewa inayozidi hapo inakata karibu asilimia 10 ya umri wa lami. Yaani ukiacha asilimia 10 badala ya 7, barabara iliyotakiwa ikae miaka 15 umeipeleka kwenye miaka 10 na ushee, na siku ya makabidhiano zote mbili zinang'aa sawasawa, viongozi wanakata utepe, watu wanapiga picha. Maji yanaingia taratibu kwenye zile nafasi, hewa inaikausha lami mpaka inakuwa ngumu na kukatika, kokoto zinaanza kung'oka moja moja. Masika moja inavumilia. Ya pili inachoka. Ya tatu ndo unaona shimo, na kipindi cha uangalizi kilishakwisha zamani.

Mtaani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Barabara ilikabidhiwa wakati wa kiangazi, nyeusi tii, tukafurahi kwa sababu vumbi lilikuwa limetumaliza, watoto walikuwa wanakohoa mwaka mzima. Mvua za kwanza zikatoa nyufa chache, wakaja vijana na ndoo ya lami wakaziba. Mwaka uliofuata nyufa zilikuwa zimeungana kama gamba la mamba, tukaenda kuuliza, tukaambiwa mkandarasi alishamaliza muda wake. Ile kauli iliniuma kweli, maana barabara ndo kwanza ilikuwa na miezi 20.

Kwa hiyo wazo la jamaa yangu lina mantiki kabisa, muda wa mkandarasi kubeba mzigo ukaribiane na muda ambao kasoro zinajitokeza. Na Marekani nao hawakuanza nalo. Kwa miaka mingi pesa ya barabara ya serikali ya shirikisho ilikuwa ya kujenga, matengenezo yalikuwa jukumu la jimbo, na waranti ilionekana kama kulipia matengenezo kwa kificho, maana mkandarasi akirudi mwaka wa 3 kuziba nyufa gharama yake si alishaiweka kwenye bei ya ujenzi. Mwaka 1990 maafisa na wahandisi wao walikwenda Ulaya kuangalia lami za kule, wakakuta nchi ambazo mkandarasi kudhamini kazi yake kwa miaka kadhaa ni jambo la kawaida. Mwaka huo huo idara ya barabara kuu ya shirikisho, FHWA, ikafungua mpango wa majaribio ya mikataba ya aina mpya, na 1996 ikatoka kanuni kamili: waranti inaruhusiwa, lakini iwe ya kitu mahususi kama tabaka la lami au daraja, isiingize matengenezo ya kila siku, na mkandarasi asibebeshwe kitu ambacho hakiko kwenye uwezo wake. Shikilia hilo la mwisho, nitalirudia.

Ndani ya waranti zenyewe kuna aina, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ya vifaa na ufundi. Hapa jimbo bado linachora na kuamua unene wa tabaka, mkandarasi anadhamini kwamba vifaa alivyotumia ni sahihi na kazi kaifanya vizuri, basi. Ya pili ni ya matokeo, jimbo linamwambia sitaki kujua umechanganyaje kokoto na lami, mimi nataka barabara iwe hivi kwa miaka kadhaa, nyufa zisizidi hapa, mifereji ya matairi isizidi kina hiki. Huyu wa pili kapewa jiko lake mwenyewe. Tofauti hii ndo kila kitu, maana ukimpa mtu waranti ya matokeo huku bado unampimia unga, umempa mwanasheria wake sababu ya kushinda kesi.

Michigan ndo jimbo lililoingia kwenye hili kwa nguvu. Mwaka 1997 sheria yao ya barabara ikaongezwa kifungu kinachosema idara ya usafiri ya jimbo, pale inapowezekana, ipate waranti ya si chini ya miaka 5 kwa kazi za ujenzi inazozitoa kwa wakandarasi. Maneno "pale inapowezekana" yana uzito, maana kuna barabara ambazo haiwezekani, mfano umeambiwa uweke tabaka jipya juu ya lami ya zamani ambayo chini imeoza, hapo hakuna mkandarasi mwenye akili atakayedhamini kitu ambacho hakukijenga.

Jinsi wanavyopima ndo nilipovutiwa. Barabara inakatwa vipande vya futi 528, yaani sehemu ya 10 ya maili, kama mita 160 hivi. Kila kipande kinaangaliwa kivyake: nyufa za kukata barabara, nyufa za kwenda na barabara, kokoto kung'oka, tabaka la juu kuachana na la chini, lami kupanda juu ikang'aa kama inatoka jasho, na mifereji pale matairi yanapopita. Kila aina ina kiwango chake, kwa mifereji kiwango ni robo inchi, milimita 6 na kidogo, na kuna idadi ya vipande vinavyoruhusiwa kuvuka kiwango kabla mkandarasi hajaitwa. Akiitwa, kila kasoro ina tiba yake ilishaandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, nyufa za aina hii ziba, za aina hii kwangua na uweke upya. Hakuna kuanza kubishana mwaka wa 4 kwamba hili ni shimo au ni kovu. Na wakibishana bado kuna jopo la watu 5, wawili wa jimbo, wawili wa mkandarasi, na wa tano ambaye pande zote mbili zimemkubali. Hiki kitu cha jopo nakipenda sana kwa sababu kinaokoa miaka ya mahakamani, barabara haisubiri hukumu.

Sasa mkandarasi akifilisika mwaka wa 3? Ndo inakuja bondi. Kampuni ya dhamana inaingia katikati na kuahidi kwamba jamaa akishindwa kurudi, yenyewe italipa kazi ifanyike. Inaonekana nzuri, lakini inauma upande wa pili. Kampuni ya dhamana inamwangalia mkandarasi kama benki inavyokuangalia wewe mwenye mkopo, ina kikomo cha kiasi inachoweza kukubebea kwa wakati mmoja, na bondi ya miaka 5 inakaa kwenye hesabu zako miaka 5 hata kama kazi ulishamaliza. Mkandarasi mkubwa anavumilia. Mdogo akishika miradi 3 ya waranti kikomo chake kimejaa, hawezi kuomba tenda ya 4 hata kama mafundi na mitambo yote anayo. Mwishowe wanaobaki kushindania tenda ni wachache, na wakiwa wachache bei inapanda. Kwa waranti za miaka 10 na zaidi kampuni za dhamana zenyewe ndo zinakwepa, hazitaki ahadi ya mbali hivyo.

Florida wakatafuta njia nyingine. Wao kwenye lami waliweka waranti ya miaka 3, na badala ya bondi wanamshika mkandarasi kwenye riziki yake: usiporudi kurekebisha, jimbo linarekebisha lenyewe, wewe unasimamishwa kuomba kazi za jimbo kwa angalau miezi 6 au mpaka ulipe gharama. Kwa mtu anayeishi kwa tenda za jimbo hiyo inatosha kumrudisha na rola yake asubuhi mapema. Ila angalia sharti lake, inafanya kazi pale tu ambapo kusimamishwa ni kusimamishwa kweli. Kama mtu anaweza kusajili kampuni nyingine wiki ijayo kwa jina la shemeji yake, hiyo adhabu haina meno, na hapo bondi pamoja na maumivu yake yote inakuwa afadhali.

Turudi kwenye lile la uwezo wa mkandarasi. Miaka ya 1958 hadi 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na Ottawa, Illinois, wakayazungusha malori juu yake usiku na mchana, na kutokana na vipimo vile ikaja hesabu maarufu kwamba uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha 4 cha uzito wa ekseli, yaani ule mhimili unaounganisha matairi ya kushoto na kulia. Ukizidisha mzigo wa ekseli mara 2, uharibifu unakwenda mara 16. Huwa nawaambia watu mpaka basi, magari madogo yote unayoyaona kwenye foleni hayaifanyi lami chochote cha maana, lori moja lililozidisha ndo linakula barabara. Kwa hiyo mkandarasi anayedhamini matokeo anadhamini pia kwamba mizani inafanya kazi, na mizani si yake. Hapa Afrika Mashariki tuna sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito, kikomo ni tani 56 kwa gari zima na kila ekseli ina kikomo chake, ila sheria inailinda lami pale tu lori linapopimwa na kushushwa mzigo. Mkandarasi akileta ushahidi kwamba malori yalipita na mzigo uliozidi, waranti yako inatetereka, na kwa kweli ni haki yake.

New Mexico walilitatua hili kwa kuliandika. Mwaka 1998 waliingia mkataba wa kupanua barabara namba 44, siku hizi inaitwa US 550, maili 118, wakalipa dola milioni 62 za waranti peke yake, mbali na ujenzi, sehemu kubwa ikiwa ni ya kudhamini lami kwa miaka 20. Lakini waranti ile haikufungwa kwa miaka tu. Iliwekewa pia kikomo cha jumla ya mizigo ya ekseli itakayopita, na kikomo cha pesa ambayo mdhamini atatumia kurekebisha, dola milioni 110, chochote kitakachotangulia kufika basi waranti imekwisha. Ni kama waranti ya gari, miaka kadhaa au kilomita kadhaa. Mimi naona hii ndo njia ya uungwana zaidi, kila upande unajua umenunua nini, ingawa kulipa milioni 62 leo kwa ahadi ya miaka 20 kunataka serikali yenye uhakika kwamba matengenezo yake yenyewe yangegharimu zaidi, na uhakika huo ni ngumu kuupata kama hujawahi kuweka kumbukumbu za gharama zako.

Je inalipa? Wisconsin walianza waranti ya miaka 5 kwenye lami mwaka 1995, na tathmini yao ya 2001 ilisema barabara zenye waranti zilikuwa laini zaidi na zenye kasoro chache kuliko zile za mkataba wa kawaida, bila gharama kuwa juu kwa kutisha. Mi nayachukua matokeo hayo kwa moyo mzuri lakini nikiwa na swali moja. Idara yoyote inapochagua barabara ya kuwekea waranti itachagua yenye msingi mzuri na mifereji mizuri ya maji, maana hiyo ndo inayodhaminika, na barabara ya hivyo ingekaa vizuri hata bila waranti. Kutenganisha kazi ya waranti na kazi ya msingi mzuri si rahisi. Ninachokiamini zaidi ni kile kinachobadilika saitini: mkandarasi mwenye waranti ndo anakuwa wa kwanza kulirudisha lori la lami lililofika limepoa, kwa sababu anajua lami ile ataiona tena.

Jamaa yangu hakugusa kabisa upande wa matengenezo yenyewe, na mi naona huko ndo waranti inaweza kutufaa mapema zaidi kuliko kwenye barabara mpya. Michigan wanaitumia pia kwenye kazi ndogo za kuzuia uharibifu, kuziba nyufa, kumwaga lami na kutandaza kokoto juu yake, kuweka tabaka jembamba la kufufua uso, na humo waranti ni fupi, miaka 2 au 3 tu. Inatosha, kwa sababu kazi hizi zikifanywa vibaya zinajisema haraka, kokoto zinapukutika msimu wa kwanza, nyufa zinafunguka upya. Bondi yake ni ndogo, wakandarasi wadogo wanaimudu, na mabishano ya msingi mbovu yanapungua kama ulichagua barabara ambayo chini bado ni nzima. Hiki si sawa na ile mikataba ya matengenezo ya kulipa kwa matokeo ambayo Kenya wanaitumia, kule mkandarasi analipwa kila mwezi kuiweka barabara kwenye hali fulani, kwenye waranti halipwi tena, analipia kosa lake.

Na sasa nifike kwenye ile nusu nyingine. Mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa Michigan alitoa ripoti kuhusu waranti hizi, na kilichokutwa ni kwamba idara ilikuwa na waranti nyingi mkononi lakini ukaguzi wa baadhi ya barabara haukufanyika kwa wakati, na marekebisho mengine yalichelewa. Fikiria hilo kwa jimbo lenye sheria, lenye vipande vya futi 528, lenye jopo la watu 5. Waranti ikiisha tarehe 30 na wewe ukaenda kupima tarehe 15 ya mwezi unaofuata, umepoteza kila kitu ulicholipia, maana waranti haijirefushi yenyewe na mkandarasi hatakukumbusha. Kila barabara uliyoisaini inakuongezea tarehe mbili tatu za kwenda kupima, miaka 5 mfululizo, barabara kwa barabara, na idara ikipunguza wakaguzi kwa kuamini kwamba waranti ndo itaangalia barabara badala yao, hapo imekwisha. Waranti inapunguza kazi ya kumsimamia fundi wakati anajenga, lakini inaongeza kazi ya kupima baada ya hapo. Nimeona watu wakiizungumzia kama njia ya kubana matumizi ya usimamizi na naogopa sana hayo maneno.

Kwa hiyo jamaa yangu akiniuliza tena tuanzie wapi nitamwambia tuanze na miaka 3 kwenye kazi za kufufua lami, barabara chache zenye mitaro mizima na mizani iliyo karibu, vipimo viandikwe kwa milimita na kwa kipande, tiba ya kila kasoro iandikwe kabla ya kusaini. Afu bango la mradi, lile lenye jina la mkandarasi na mshauri na gharama, lisiondolewe siku ya utepe. Libaki pale mpaka mwisho, na liandikwe tarehe mbili kwa herufi kubwa, siku ukaguzi wa mwisho utakapofanyika na siku waranti itakapokwisha, ile ya kwanza iitangulie ya pili kwa miezi 3 angalau, ili mama muuza vitumbua anayekaa pembeni ya barabara kila siku aweze kusoma na kuuliza mbona wapimaji hawajaja.